Ankara Si Shahidi wa Makazi

Yako maneno mawili katika lugha yetu ambayo watu wa ofisi huyachanganya kama kwamba ni neno moja: makazi na anwani. Makazi ni mahali mtu anapolala, anapopikiwa, anapouguzwa, na anapofuatwa na wajumbe akifiwa. Anwani ni maandishi yaelekezayo mahali hapo. Mtu aweza kuwa na makazi asiwe na anwani. Aweza pia kuwa na anwani asiwe na makazi, kama mfanyabiashara mwenye sanduku la posta Geita mjini, hali yeye na jamaa zake walala Mwanza. Tofauti hii ni ndogo machoni pa mwenye nyumba yenye namba mlangoni. Kwa mke atakaye kumfuata mumewe ng'ambo, au mtoto atakaye kumfuata mama yake, yaweza kuwa komeo la miaka mingi.

Nasema katika kurasa hizi kwamba ofisi za ng'ambo zitoazo vibali vya ukaazi kwa familia humwita shahidi asiyejua neno, zinapowadai watu wa Shinyanga na Geita ankara ya maji au ya umeme. Tena nasema kwamba sisi wenyewe, kwa barua tupu tunazowaandikia watu wetu, twazipa ofisi hizo kisingizio.

Si haki kuilaumu sheria kabla ya kuisikia. Agizo la Umoja wa Ulaya namba 2003/86, la tarehe 22 Septemba 2003, ndilo liwekalo msingi wa haki ya mgeni kuungana na familia yake katika nchi nyingi za umoja huo. Agizo hilo laruhusu nchi kumtaka mgeni aonyeshe kuwa anayo nyumba iwezayo kuwachukua jamaa anaowaita, na lataka udugu au ndoa ithibitishwe kwa hati. Ujerumani nayo, katika Sheria yake ya Ukaazi, humtaka mgeni awe na nafasi ya kutosha ya kukaa, ingawa mwaka 2024 sharti hilo liliondolewa kwa baadhi ya wafanyakazi wenye ujuzi. Uingereza ina kanuni zake. Kwa miaka mingi fomu iitwayo FLR(M), ya mwenzi atakaye kuongezewa muda wa kukaa, ilitaka barua sita zilizotumwa kwa mume na mke katika nyumba ile ile, kutoka mahali mbalimbali, katika muda wa miaka miwili.

Msomaji atazame vizuri. Agizo lile la Ulaya halikutaja ankara. Ankara imeingia kwa desturi ya meza, nayo desturi hiyo ina asili yake. Katika miji ya Ulaya tarishi hupita mlango kwa mlango. Ankara ya umeme hufika kila baada ya muda, imeandikwa jina la mtumiaji na namba ya nyumba yake, naye huilipa akiisha kutumia. Kwa hiyo ankara kule ni ushahidi wa mtu aliyetembea kwa miguu mpaka kizingitini. Anayeaminiwa ni tarishi. Ankara ni nyayo zake tu. Huku kwetu tarishi hakupata kupita kizingitini. Barua zetu zilikwenda katika sanduku, na sanduku lilikuwa la shule, la misheni, la chama cha ushirika cha pamba, au la mjomba aliyekuwa karani. Watu wengi waliozaliwa Kahama au Maswa kabla ya zama za simu za mkononi walisoma barua zao zikiwa zimepitia kwa mwalimu mkuu. Kumwambia mtu wa namna hii alete barua sita zenye namba ya nyumba yake ni kumtaka alete nyayo za mtu asiyepata kupita.

Basi tuchukue mfano. Tuseme yuko mwanamke katika senta ya Nyarugusu, mkoani Geita, ambaye mumewe yuko Hamburg kwa kibali cha kazi. Amepanga vyumba viwili vya bati kwa mapatano ya mdomo. Hulipa kodi ya miezi mitatu kwa mkupuo, na mwenye nyumba humwandikia katika daftari la shule. Maji hununua kwa dumu. Fedha za mumewe humfikia kwa simu, na akaunti ya simu haina mlango wala dirisha. Umeme upo, lakini ni wa LUKU, yaani lipa umeme kadiri utumiavyo. Mwenye kulipa kabla ya kutumia hana deni, na asiye na deni haandikiwi ankara. Zaidi ya hayo mita moja hutumika na wapangaji wanne, nayo imeandikwa jina la mwenye nyumba. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa humo humo katika LUKU, hata mpangaji akawa analipa kila mwezi kodi ya nyumba isiyokuwa yake. (Haki ya jambo hilo nawaachia wanasheria.) Mwanamke huyu amelipa kodi ya serikali kwa ajili ya nyumba anayolala, tena bila kukosa, na malipo yake yote yamesimama kwa jina la mtu mwingine anayekaa Katoro.

Sasa afisa ng'ambo amwambia, “Thibitisha kwamba unakaa hapo unaposema unakaa.” Nyarugusu yote yajua anakaa wapi. Mama muuza samaki ajua, fundi karasha ajua, sheikh na katekista wajua, na mtoto mdogo aliyetumwa chumvi aweza kumfikisha mgeni mpaka mlangoni usiku wa giza. Ajuaye ni kila mtu, isipokuwa kampuni ya umeme na benki. Na hao wawili wasiojua ndio wanaoitwa kutoa ushahidi.

Yupo msomi wa mjini atakayenijibu kwamba kosa ni la watu wa migodini wenyewe. Atasema: hao ni watu wa kuhamahama, leo wako Mgusu, kesho Rwamgasa, kesho kutwa wamesikia rashi imelipuka Mbogwe wamekwisha kubeba magodoro. Mtu asiyetulia atathibitishaje kituo? Nimelisikia neno hili katika vikao vya watu wenye elimu, na hulisema kwa upole, kama watu wanaosikitika. Nalikataa.

Ni kweli kwamba mchimbaji mdogo huifuata rashi. Lakini aendaye katika duara mara nyingi ni kijana au mume. Nyumba yenye watoto wanaosoma haihami kwa kila uvumi wa dhahabu. Tena uhamaji mkubwa uliovuruga makazi ya nchi hii ya Usukuma na jirani zake haukuanzishwa na wachimbaji. Mwaka 1974, katika ile Operesheni Vijiji, watu wa mkoa wa Shinyanga walitolewa katika miji yao iliyotawanyika kwenye mbuga, kila kaya na zizi lake na makaburi yake, wakapangwa kwa mistari katika vijiji. Mwalimu Nyerere alikwisha kutangaza Novemba 1973 kwamba mpaka mwisho wa mwaka 1976 kuishi vijijini kutakuwa jambo la lazima. Nia ilikuwa shule, maji na zahanati, nami si miongoni mwa wale wanaoikejeli nia hiyo. Walakini mtu aliyehamishwa kwa amri asiitwe mzururaji. Kisha ikaja zamu ya dhahabu. Agosti 1996 wachimbaji wadogo na jamaa zao waliondolewa Bulyanhulu, wilayani Kahama, kupisha kampuni yenye leseni. Na mwaka 2001 mgodi mkubwa ukafunguliwa mahali pale. Hesabu ya walioondoka yabishaniwa mpaka leo, wala simo katika ubishi huo. Nauliza jambo moja tu: mwanamke aliyekuwa na banda, jiko na wapangaji Bulyanhulu mwezi Julai, akawa hana mwezi Septemba, angeleta hati gani ya makazi? Hati iliyokuwapo ilikuwa leseni, nayo haikuwa yake.

Tena kuna jambo la kuchekesha kama lisingekuwa la kuhuzunisha. Wajerumani walipoanza kutoza kodi ya nyumba katika nchi hii mwaka 1898, hawakupata taabu kujua kila mtu analala wapi. Jumbe alisema, “Hii nyumba ya fulani,” ikatosha. Waingereza waliendelea vivyo hivyo. Kwa miaka mingi neno la mdomo la mzee wa kijiji lilitosha kumfanya mtu adaiwe, afungwe, atumwe kazi ya barabara. Serikali za Ulaya ziliupokea ushahidi huo bila ankara. Leo mjukuu wa mtu yule aomba kukaa na mumewe katika miji ya watu wale wale, na neno la mzee wa kijiji halitoshi tena. Nyumba ile ile, ilipotakiwa kutoa, ilionekana upesi. Inapotakiwa kupewa, haionekani.

Katika sheria zetu wenyewe ushahidi wa jirani haukupata kudharauliwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 160, yasema kwamba mwanamume na mwanamke wakithibitishwa kuwa wamekaa pamoja kwa miaka miwili au zaidi, katika hali iliyowafanya wajulikane kuwa mume na mke, hudhaniwa kuwa wamefunga ndoa, mpaka mwenye kupinga aonyeshe vinginevyo. Tazama neno “wajulikane.” Wajulikane na nani? Na majirani. Bunge la nchi huru liliona kwamba sifa ya watu mbele ya watu ni ushahidi, na mahakama zimekuwa zikiutumia tangu hapo. Sensa nayo ni vivyo hivyo. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 ndio uliokuwa usiku wa kuhesabiwa. Karani alifika nyumbani, akauliza waliolala humo, akaandika alivyojibiwa. Ndivyo ilivyopatikana hesabu ya watu 61,741,120, ambayo mataifa yote na mabenki yote ya dunia huitumia bila kusitasita. Hakuna aliyedaiwa ankara ya maji ili ahesabiwe.

Na hapa ndipo hoja ya ofisi za ng'ambo inapojikwaa yenyewe. Mwombaji huleta pasipoti, nayo yapokewa kwa heshima. Pasipoti hiyo hutolewa kwa mwenye kitambulisho cha taifa. Kitambulisho cha taifa hakipatikani mpaka fomu yake ipitie kwa viongozi wa mtaa au kijiji, wathibitishe kuwa mwombaji ni mtu wa mahali hapo, wapige muhuri. Basi jengo lote limesimama juu ya neno la mtendaji na mwenyekiti wake. Afisa aipokea paa, azipokea kuta, kisha asema msingi hauaminiki. Kama msingi hauaminiki, pasipoti irudishwe. Kama pasipoti yaaminika, na barua ya kijiji isomwe.

Wala Wajerumani wenyewe, niliotangulia kutaja sheria yao, hawategemei ankara katika nchi yao. Mtu akihamia nyumba Ujerumani hutakiwa kujiandikisha katika ofisi ya wakazi kabla ya majuma mawili kupita, na tangu Novemba 2015 huenda na karatasi iliyotiwa saini na mwenye nyumba, isemayo kwamba fulani na fulani wamehamia hapa tarehe fulani. Hiyo ni nini, kama si neno la mtu amjuaye mkazi? Mwenye nyumba wa Hamburg aaminiwa kwa saini yake. Mwenye nyumba wa Nyarugusu aonekana mwongo mpaka mita imsemee.

Wataniambia: barua za vijiji hughushiwa, na mtendaji huhongwa. Sikatai kwamba yote mawili hutokea. Lakini ni ipi iliyo rahisi kughushi? Ankara ni karatasi yenye nembo, na kijana mwenye kompyuta katika kibanda cha stesheneri aweza kuitengeneza akisubiri chai ipoe. Kijiji hakitengenezwi. Mwenye kutaka kudanganya kuhusu makazi mbele ya kijiji hana budi kumnunua mtendaji, na mwenyekiti wa kitongoji, na majirani wawili, na mwalimu wa shule ambako watoto wake wameandikwa, na mganga wa zahanati yenye kadi zao za kliniki. Na bado hajui ni nani atakayepokea simu siku afisa atakapopiga. Mashahidi wengi wanaochukiana wao kwa wao ni bora kuliko karatasi moja nzuri. Agizo lile la 2003 lalijua jambo hili. Kwa habari ya wakimbizi, lasema kwamba asiyeweza kuleta hati za kuthibitisha udugu wake atazamwe kwa ushahidi mwingine, na kwamba ombi lisikataliwe kwa sababu ya kukosa hati peke yake. Ni kanuni njema. Nashangaa tu kwa nini busara hiyo iishie kwa aliyekimbia vita, isimfikie aliyekaa nyumbani katika nchi ambayo kwa kawaida haiandiki mambo hayo katika karatasi.

Nimewasema wageni, sasa niwaseme wenyeji, maana nina deni kwao zaidi. Kazi yangu ni kufundisha Kiswahili, na kwa sababu hiyo huletewa mara kwa mara barua za utambulisho nizifasiri kwa ajili ya maombi kama haya. Aghalabu zote ni moja. Juu pameandikwa “Yah: Utambulisho.” Kisha: “Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mtajwa ni mkazi wangu katika kijiji hiki. Naomba apewe msaada anaostahili.” Saini, muhuri, tarehe. Basi! Hiyo ndiyo barua ambayo mwanamke ameifuata siku mbili, ameambiwa mtendaji yuko kwenye kikao, amechangishwa fedha ya karatasi na wino, akaibeba hadi Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,000.

Barua hii yasema nini? Haisemi amekaa tangu lini. Haisemi anakaa na nani, kwa nani, wala katika kitongoji gani. Haisemi mwandishi amejuaje. “Mkazi wangu” ni msemo wa mfugaji juu ya ng'ombe wake. Mkazi ni wa kijiji, si wa mtendaji. Na lile ombi la msaada, ambalo kwetu ni adabu tu ya kufungia barua, likifasiriwa lilivyo humfanya afisa wa ng'ambo adhani kwamba mbele yake yuko mtu anayetafuta sadaka, hali yeye anadai haki ya kukaa na mumewe. Nimejaribu kuupunguza mstari huo katika tafsiri. Lakini mfasiri mwaminifu hana ruhusa ya kuwa mwandishi.

Wafasiri nao wana lao. Neno “mtaa” katika miji yetu, Geita au Kahama, ni eneo zima la utawala, lenye mwenyekiti wake aliyechaguliwa na kaya nyingi ndani yake. Wafasiri wengi huliandika kwa neno la Kiingereza lenye maana ya njia yenye nyumba pande mbili. Afisa hufungua ramani, aitafuta njia hiyo, haioni; huandika katika faili kwamba anwani haipo. Mtaa wenye shule mbili na soko umefutwa na neno moja la kamusi. Serikali ilifanya kazi kubwa mwaka 2022, kabla ya ile sensa, kuyapa majina mabarabara na namba majumba, na kila kata inayo postikodi ya tarakimu tano. Ni jambo la kushukuriwa, na mwenye namba na aiandike. Lakini namba hubandikwa mlangoni, na yako mabanda ya matimba na turubai kando ya maduara ambayo mlango wake ni pazia la kanga.

Upande wa pili wa ombi, yaani wa mume aliye ng'ambo, sitausemea kwa urefu. Yeye naye mara nyingi amepanga chumba katika nyumba ya mtu wa kwao, jina lake halimo katika mkataba, na mwenye mkataba aogopa kuandika kwamba amempangisha mwingine. Hivyo mke hana mita Nyarugusu, na mume hana mita Hamburg. Ndoa yao imekosa umeme pande zote mbili.

Nitakalo kwa ofisi za ng'ambo ni dogo. Waandike katika orodha zao, mahali panaposomeka “ankara,” kwamba barua ya kijiji au mtaa yatosha, ikiwa imeeleza mambo ya kutosha na imetaja watu wa kuulizwa. Na nitakalo kwa watendaji wetu ni barua iliyo barua. Itaje jina la mkazi kama lilivyo katika kitambulisho chake. Itaje kitongoji au mtaa, kata, wilaya na mkoa, na postikodi kama ipo. Iseme amehamia mwezi gani na mwaka gani, akitokea wapi, na kama alihamishwa, na nani. Iwataje wanaokaa naye, na mwenye nyumba. Iseme mwandishi ameyajua haya kwa njia gani: kwa daftari la wakazi, au kwa kumwona, au kwa kuulizia. Iwe na saini za mwenyekiti wa kitongoji na majirani wawili pamoja na namba zao za simu. Na jirani asiyejua kuandika atie dole gumba, asione haya.

Barua hiyo haizidi mistari kumi na mitano. Mtendaji akisema kwamba hana nafasi, au kwamba hawajui watu wote wa kijiji chake, na aonyeshwe orodha aliyoiandika mwenyewe ya michango ya ujenzi wa zahanati, kwa maana katika orodha ile majina yametimia, vitongoji vimetajwa, na hata mchimbaji aliyefika juzi na godoro lake hakusahauliwa.